Daftari Linavuka Mto

Mwabasinde,
9 Februari 2025

Kaka yangu Luhaga,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekufikia ikiwa kavu. Siku hizi Obedi muuza samaki anazificha barua zetu chini ya sangara badala ya chini ya dagaa, na sangara hutoa maji.

Mimi ni mzima wa mwili. Jumatano gari la matangazo lilipita hapa likisema, "Wananchi wa Mwabasinde na Ngalabuka, kuanzia mwezi wa nne ninyi ni mji mmoja! Mji wa Kaseni! Mpaka umefutwa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Paskazia, jirani yangu Mkerewe ambaye nimekutajia mara nyingi, akanishika mkono. "Mama Rozina, cheka basi! Tunaletewa maji ya bomba, nawe umesimama kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe." Nikacheka, na kicheko changu kikanitisha mimi mwenyewe.

Wao wamesikia habari ya bomba na lami. Mimi nimesikia kwamba mto umeondolewa. Kwa miaka kumi na tisa Mto Kaseni ndio umekuwa ukuta wangu, tangu sungusungu, walinzi wa jadi wa Ngalabuka, waliposema kwamba nimemla kichawi mtoto wa shemeji yangu, wakanitenga, nami nikavuka na Rozina na ndoo moja ya nguo. Amri yao iliishia ukingoni. Huku hakuna anayejua. Huku mimi ni mama wa maandazi, na wasiojua kusoma huniletea barua zao na kadi zao za kliniki niwasomee.

Sasa watu wanasema sungusungu wa pande mbili wataunganishwa, na daftari la kila upande litasomwa mbele ya upande wa pili ili wote wawajue waliotengwa. Je, ni kweli? Jina langu bado limo? Wewe ndiye katibu wa Ngalabuka na daftari linakaa kwako kabatini. Nakuomba kwa jina la marehemu mama yetu, uchane ukurasa wangu.

Mdogo wako,
Teodora


Ngalabuka,
13 Februari 2025

Mdogo wangu Teodora,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na unyevu, lakini inasomeka.

Uliyoyasikia ni kweli. Mkutano wa pamoja utafanyika Jumamosi, tarehe 22 Machi, katika uwanja wa shule ya Mwabasinde. Kila katibu atafika na daftari lake, atasoma majina ya waliotengwa, kisha atalikabidhi kwa katibu mpya wa mji.

Jina lako bado limo.

Nimefundisha historia kwa miaka thelathini na minne, na sikuwahi kudhani kwamba somo lenyewe litanijia mlangoni. Enzi za Mjerumani na za Mwingereza mto huu ulikuwa mpaka wa watemi wawili. Katika Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 tulihamishwa sote, tukafanywa vijiji viwili, na mpaka ukawa mto. Tulipofanywa kata mbili, mpaka ukawa mto. Tulipoitwa miji midogo miwili, mpaka ukawa mto. Kila serikali ilipochora mstari iliuchora mahali pale pale. Mimi na wewe tumekuwa tukiishi pande mbili za mstari huo kana kwamba Mungu ndiye aliyeuchora.

Kuhusu ukurasa, siwezi kuuchana. Kurasa za daftari zina namba. Ukurasa wa kumi na nne ukikosekana, mtu atauliza palikuwa na nini, na swali hilo ndilo litakaloanza kukutafuta. Zaidi ya hayo, sijawahi kuharibu kumbukumbu yoyote niliyokabidhiwa, na nina umri wa miaka sabini na minne.

Unaijua amri ilivyosema: atakayezungumza nawe, atakayekula nawe, atakayekupa moto au maji, naye atatengwa. Kuandika hakukutajwa. Nimeshika neno hilo kwa miaka kumi na tisa. Sijafungua kinywa mbele yako, wala sijakosa kukujibu. Nitatafuta njia nyingine ya aina hiyo. Kaa kwako. Uza maandazi yako. Mtu anayekimbia hujitangaza mwenyewe.

Kaka yako,
Luhaga


Mwabasinde,
2 Machi 2025

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimekaa kama ulivyoniagiza, na mambo yamenifuata nilipokaa.

Jana walikuja waandikishaji wa wakazi wa mji mpya. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanataka kadi ya taifa. Paskazia alikuwa kwangu na wajukuu wake wawili, maana tangu mama yao aende kufanya kazi kiwandani Nyakato watoto hao wanakula kwangu mchana. Mwandikishaji akaishika kadi yangu, akasoma kwa sauti hadi barabarani: "Teodora Sayi Ng'wandu! Mzaliwa wa Ngalabuka!"

Paskazia akapiga makofi. "Kumbe Mama Rozina una jina, tena refu kama treni!" Kisha akanigeukia. "Wewe ni wa ng'ambo? Hukuwahi kusema."

Nikamwambia, "Ng'ambo si mbali."

"Ndiyo maana nauliza. Si mbali, lakini miaka yote hii hujavuka hata kwa msiba. Kwenu hawafi?"

Alisema kwa mzaha, na mwandikishaji akacheka. Nilijifanya naangalia mafuta jikoni. Nilipogeuka alikuwa bado ananitazama, lakini si kwa ubaya. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoweka kitu.

Hebu fikiri, kaka. Kwenye orodha yao ya wakazi sasa kuna jina langu kamili. Kwenye daftari lako kuna jina langu kamili. Mto ulipokuwapo, karatasi hizo mbili zisingekutana. Tarehe 22 zitawekwa juu ya meza moja.

Nimepata tumaini dogo na ninataka ulipime. Katibu wa wakati ule alikuwa marehemu Yeremia, naye alikuwa na mwandiko kama nyayo za kuku. Labda aliandika nusu ya jina. Labda halisomeki. Tafadhali litazame, uniambie. Siku hizi silali vizuri, na wateja wawili wamesema maandazi yangu yamezidi chumvi.

Mdogo wako,
Teodora


Ngalabuka,
17 Machi 2025

Teodora,

Nimechelewa kukujibu kwa siku kumi na tano. Sikuwa mgonjwa. Niliandika barua nne, nikazichoma.

Nimeutazama ukurasa, ingawa sikuwa na haja ya kuutazama. Jina lako linasomeka. Limeandikwa lote, kwa wino wa buluu, bila kufutwafutwa. Yeremia hakuliandika. Niliandika mimi.

Siku ile Yeremia alikuwa amekwenda Magu. Mtemi wa sungusungu akauliza nani ana mwandiko mzuri, na wote wakanigeukia. Kulikuwa na watu ambao hawakutaka utengwe. Walitaka jambo baya zaidi, nawe unajua wanawake wangapi walipatwa na jambo hilo miaka ile. Mimi nikasema, "Tuandike kwamba ametengwa, na imetosha." Nikachukua kalamu upesi ili neno liwe limekwisha kuandikwa kabla hawajabadili nia. Kisha nikalisoma mbele ya watu, kwa kuwa anayeandika ndiye husoma.

Nimejiambia kwa miaka kumi na tisa kwamba nilikuokoa. Huenda ni kweli. Lakini nilipomaliza kusoma, mtemi alinisifu kwa kuandika vizuri, na nilimshukuru. Jambo hilo sijaweza kuliweka upande wowote.

Ninakuambia sasa kwa sababu Jumamosi nitasimama mbele yako nikiwa na daftari mkononi, na mtu anayejua mambo yale angeweza kukuambia ni mkono wa nani. Nimeona afadhali ulisikie kwangu.

Usitoroke. Ninajua nitakalofanya.

Kaka yako,
Luhaga


Ngalabuka,
23 Machi 2025

Teodora,

Hukunijibu, wala sikutazamia ujibu. Ninaandika yaliyotokea jana ingawa uliyaona, kwa sababu ulikuwa mbali na meza na hukuyasikia yote.

Nilivuka daraja jipya kwa miguu. Nilikutambua kabla sijafika uwanjani. Ulikaa miongoni mwa wanawake, umekunja miguu upande mmoja kama mama alivyokuwa akikaa kanisani. Umekonda. Mwanamke aliyekuwa kando yako alikuwa anakunong'oneza kitu na kucheka. Nadhani ndiye Paskazia.

Katibu wa Mwabasinde alisoma majina yake mawili. Kisha kamanda mpya wa mji, Otuoma, akaniita. Daftari la Ngalabuka lina majina saba. Lako ni la tano. Nilisoma la kwanza, la pili, la tatu, la nne, nikageuza ukurasa, nikasoma la sita na la saba. Katika maisha yangu sijawahi kuruka mstari mbele ya wasikilizaji. Jasho lilinitoka hadi karatasi ikanata vidoleni.

Otuoma akauliza, "Ni hao tu, Mwalimu?"

Nikajibu, "Hao ndio niliowasoma." Ni kweli tupu. Hakuna mtu aliyelitafakari jibu hilo.

Kisha nikamkabidhi daftari katibu mpya, binti anayeitwa Winnie, mwenye adabu sana. Alilipokea kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Mwandiko wako ni safi kabisa. Nitauchapa bila shida yoyote." Nakiri kwamba nilifurahi.

Kwa hiyo jina lako halikusomwa. Daftari ni zima, hakuna ukurasa uliokosekana, na hakuna aliyesikia. Nadhani tumepita salama.

Andika hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Luhaga


Ngalabuka,
28 Machi 2025, saa nne asubuhi

Teodora,

Ondoka. Sahau niliyokuambia kuhusu kukaa.

Binti yule amechapa daftari. Amechapa kila neno, kama mtu yeyote mwaminifu angefanya, na jana wameibandika orodha kwenye ubao wa ofisi ya mji, hapo hapo Mwabasinde, karibu na kisima. Majina ni saba. Sikufikiri. Niliogopa masikio ya watu nikayasahau macho yao. Nilimpa adui yetu kila kitu mkononi, kikiwa kimenyooshwa na kupigwa mistari, kwa sababu sikuweza kuvumilia daftari lenye ukurasa uliochanwa.

Asubuhi hii Otuoma amekuja kwangu. Hakukaa. Alisema, "Mwalimu, ulisoma sita. Binti amechapa saba. Nani kati yenu hajui kuhesabu?"

Nikamwonyesha kiti tena.

"Huyo wa tano ana ukoo wako. Sayi Ng'wandu si baba yako?"

Nikamwambia kwamba ndiye.

"Basi Jumanne utakuja mbele ya kamati uje ueleze. Na huyo dada yako, kama yu hai, tutajua alipo. Tuna orodha ya wakazi sasa. Ni kazi ya kupitisha kidole tu." Hakuwa na hasira, Teodora. Alisema kwa upole, kama mtu anayefanya kazi yake, na upole huo ndio ulionitisha.

Panda gari la asubuhi hadi Buzuruga, shuka uende kwenye kivuko cha Kamanga, uvuke kwenda Sengerema kwa Rozina. Usichukue mizigo. Usiage.

Obedi amekataa kuibeba barua hii. Amesema, "Mwalimu, mimi nina watoto, na samaki wangu watakataliwa pande zote mbili." Nimemsihi hadi amekubali, kwa mara ya mwisho.

Luhaga


Mwabasinde,
31 Machi 2025

Kaka yangu Luhaga,

Shikamoo.

Barua yako ya Ijumaa niliipata jana. Nilikuwa nimekwisha kuuona ubao.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kisimani na Paskazia. Watu walikuwa wamekusanyika kwenye ubao, wengi wao hawajui kusoma, na wanaojua walikuwa wanabishana. Paskazia akanivuta mkono. "Njoo unisomee, Mama Rozina. Hawa wanasoma kama wanatafuna mawe. Mimi nina wajukuu. Nataka kujua nani wa kumkwepa."

Nikasimama mbele ya karatasi. Ilikuwa nyeupe sana. Nikaanza kusoma, jina moja moja, naye alikuwa anahesabu kwa vidole. Nilipofika kwenye la nne niliona nafasi yangu. Ningeweza kugeuza macho kama ulivyogeuza ukurasa. Asingejua. Nilikuona siku ile uwanjani ukiniruka, nilihesabu majina sita bila langu, nikajua. Na nitakuambia nilichohisi, maana unastahili kujua: kwa muda wa kupumua mara moja nilikushukuru, kisha nikahisi kama mtu aliyezikwa, kwa sababu kaka yangu alikuwa amesimama hatua thelathini kutoka kwangu na bado hakuweza kutamka jina langu.

Nikalisoma. "Teodora Sayi Ng'wandu."

Paskazia akasema, "Huyo ana jina kama lako."

Nikasema, "Ni mimi."

Alidhani ninatania. Akanipiga bega. Kisha akauona uso wangu, na mkono wake ukabaki pale begani, hakuuondoa wala hakuubana.

"Walisema umefanya nini?"

"Walisema nimemla mtoto wa shemeji yangu. Alikufa kwa homa. Mganga akanitaja."

"Ulimla?"

Kaka, katika miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo. Si mtemi, si shemeji. Si wewe. Nikajibu, "Nilimbeba mgongoni kutwa nzima kumpeleka zahanati. Alifia mgongoni kwangu."

Akautoa mkono. Akasema, "Wajukuu wangu wanakula kwako." Hakusema zaidi ya hapo. Alichukua ndoo yake ikiwa tupu, akaondoka kwa njia ndefu, ile inayozunguka nyuma ya kanisa.

Tangu hapo watoto hawajaja. Jana nilipika ugali wa watu watatu kwa mazoea, ukabaki. Leo asubuhi hakuna aliyenunua andazi hata moja. Wanapita upande wa pili wa njia, na wananisalimu kwa kuinua kidevu tu. Watu wawili wa sungusungu wamepita mara tatu mbele ya nyumba. Hawakusimama. Mara ya tatu mmoja alihesabu milango kwa kidole.

Unaniambia niondoke. Nilifunga nguo zangu jana, nikazifungua tena. Nikipanda gari la Buzuruga leo, kufikia jioni nitakuwa nimekiri. Na Rozina ana watoto. Sengerema nako kuna ubao. Leo wameunganisha miji miwili. Kesho wataunganisha mingine, na nitakuwa bibi kizee anayekimbia mbele ya madaftari hadi ziwa liishe.

Kuhusu uliyoniandikia tarehe 17: nilisoma mara nyingi. Huenda uliniokoa. Siwezi kukuchukia kwa kuandika, maana ungeikataa kalamu labda nisingekuwapo leo wa kukuchukia. Ninalokulaumu ni jambo dogo kuliko hilo. Uliichukua amri ya watu walioogopa, ukaitafutia mlango mwembamba wa kupitishia karatasi, ukaridhika. Nami niliridhika. Tulikuwa na mto wa kuvuka kwa dakika tano, tukautumia kama bahari.

Kwa hiyo usiniandikie tena. Kesho utakaa mbele ya kamati, na najua utajibu kila swali kwa usahihi. Ukitoka huko wakiwa wamekutenga au hawajakutenga, kama una neno la kuniambia, vuka daraja mchana, watu wakikuona, ulitamke kwa kinywa chako. Hata kama ni salamu tu.

Ninaogopa. Sitakuficha. Unaona mwenyewe mistari ilivyopinda.

Kuna mtu anapiga hodi mlango wa mbele. Amepiga mara mbili na hajataja jina. Obedi amekubali mara moja tena, anasubiri nyuma ya jiko. Nampa barua hii kwanza, kisha ninakwenda kufungua.

Teodora